Konokono Wasiomjua Mgeni

Mwera, Pangani
18 Aprili 1955

Kwa mdogo wangu Idarusi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Uweso anakusalimu. Mguu wake uliochomwa na mwiba wa mkonge umepona, ila kovu linamwasha mvua ikikaribia, na sasa linamwasha kila siku. Mwanasiti naye anakusalimu. Amemaliza juzuu ya kwanza, na ameniambia niiandike habari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Kwa hiyo nimeiandika.

Bonde limejaa maji. Mpunga wa chini umefunikwa wote, vimebaki vichwa tu.

Arobaini ya mwanangu Mastura tuliisoma Ijumaa. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotazamia. Tulikungoja mpaka wali ukapoa. Nilimwambia Uweso kwamba mto umejaa na pantoni haivuki. Sijui kama ni kweli, lakini nilimwambia hivyo, nawe usije ukanisuta.

Sasa nina jambo dogo la kukuuliza. Ile chupa ya marashi ya shingo ndefu, iliyokuwa juu ya rafu karibu na kitanda cha Mastura, tuliitafuta siku ya kumkosha. Bi Mwamvua alitaka kuinyunyizia sanda, maana yeye ndiye somo yake, aliyemfunda alipokuwa mwali, na chupa ile ilinunuliwa kwa shughuli hiyo. Hatukuiona. Tukatumia kafuri peke yake. Mwanasiti anasema aliiona mkononi mwako asubuhi ulipoondoka, umeizungushia leso. Nilimwambia hajui asemalo.

Lakini nakumbuka siku hiyohiyo kizingiti cha mlango wa uani kilinukia marashi mpaka jioni. Bi Mwamvua alisema ni malaika wamekuja kumtazama mgonjwa, nami nikaamini, nikakaa pale kizingitini kuinusa harufu yao. Siku kumi na moja baadaye akafa.

Kama chupa unayo, nitumie. Si kwa ubaya. Nataka tu kuiweka mahali pake.

Na konokono wako wanaendeleaje? Mastura alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu kila ukimsimulia kuwa Serikali inakulipa kuwalisha mchicha. Mpaka siku za mwisho alikuwa akikuita Mjomba Konokono.

Ni mimi dada yako,
Mwanamkasi


Makorora, Tanga
9 Mei 1955

Dada yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Barua yako ilichukua majuma mawili, ikafika imelowa pembe moja. Mimi mzima, ila kikohozi. Mfungo unakwenda vizuri. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwatumu, hunipikia uji wa pilipili manga nikafuturu naye na wajukuu zake. Wajukuu hao wamenipa jina la mchunga konokono, na nikipita huniuliza kama leo kundi langu limerudi lote au mmoja amepotelea porini. Mpe shemeji salaam zangu. Mwambie Mwanasiti nimefurahi, na akimaliza juzuu ya pili nitamletea mkoba.

Kuhusu arobaini, nisamehe. Siku ile kulikuwa na kazi ambayo haiwezi kuachwa.

Umeniuliza habari za konokono. Wapo, kama mia tatu. Kila asubuhi tunamtia kila mmoja katika glasi yake ndogo yenye maji safi na kuzipanga glasi dirishani zipate jua. Wasio na ugonjwa hutambaa tu kwenye kioo. Wenye ugonjwa nao hutambaa tu, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Lakini inapokaribia adhuhuri, jua likiwa utosini, maji ya glasi zao huanza kuchafuka. Ukiinua glasi mbele ya karatasi nyeusi unaona nyuzi nyeupe, fupi, nyembamba kuliko nywele ya mtoto mchanga, mamia kwa mamia, kila moja ina mkia wenye panda mbili. Hupanda, huzama kidogo, hupanda tena. Ndio hao wadudu wa kichocho. Wanatafuta ngozi ya mtu. Wana siku moja tu ya kuishi, au kidogo zaidi, wasipoipata wanakufa.

Mwadhini wa msikiti wa karibu anapoanza, ndipo wanapotoka. Ernesti, Mbondei ninayefanya naye kazi, husema bila kucheka kwamba ni Waislamu wazuri kuliko mimi.

Ipo glasi moja ambayo siipendi. Wanatoka wengi mno humo. Siku ilipofika barua yako walitoka kabla jua halijafika dirishani.

Dada, Mwanasiti bado anaingia bondeni?

Ndugu yako,
Idarusi


Mwera, Pangani
30 Mei 1955

Kwa mdogo wangu Idarusi,

Idi njema, ingawa imeshapita. Sisi hatujambo. Uweso alichinja kuku wawili. Nilishona kanzu moja tu mwaka huu, ya Mwanasiti, lakini mkono umezoea, nikakata vitambaa viwili. Cha pili nimekikunja na kukiweka sandukuni.

Umeniuliza kama Mwanasiti anaingia bondeni. Tunaingia sote. Mpunga haujipandi. Wewe mwenyewe nilikuwa nikikubeba mgongoni kulivuka bonde lile, miguu yako ikiburura majini, na ulipokua ulikuwa ukishindana na wenzako nyuma ya msikiti, nani mkojo wake mwekundu zaidi. Mlikuwa mnarudi mnajisifu kuwa mmekuwa wanaume. Baba alisikia akacheka. Hakuna aliyekufa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilikuuliza habari ya chupa, ukanijibu habari ya glasi.

Siku hizi nikienda kuchota maji natazama. Wako kwenye majani ya yungiyungi, wadogo, weusi, nilikuwa sijawahi kuwaona ingawa nimezaliwa hapa. Jana nilimwokota mmoja nikamweka kiganjani. Alijiingiza ndani, kisha akatoka polepole, akanigusa kwa pembe zake. Sikujua ni mzima au ni mgonjwa. Nilimrudisha.

Nieleze jambo hili. Umesema wengine hawana ugonjwa. Maji ni hayo hayo, majani ni hayo hayo. Kwa nini mmoja apate na mwenzake asipate?

Dada yako,
Mwanamkasi


Makorora, Tanga
20 Juni 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi nimepona kikohozi. Huku mvua imekwisha, upepo umekuwa wa baridi, na Bi Mwatumu ameanza kulala na soksi za marehemu mumewe.

Swali lako ndilo swali la Bwana Daktari, mkubwa wetu wa kazi. Nilipomtafsiria akauliza dada yangu amesoma wapi. Nikamwambia miaka mitatu tu, na kwamba ndiye aliyenifundisha mimi kuandika, kwa kijiti mchangani.

Nitakueleza nilivyoona mwenyewe, maana wakati mwingine hunipa zamu kwenye darubini ya kukuzia vitu vidogo.

Tuna konokono wa namna mbili. Wengine nimewatoa katika mtaro hapa Usagara. Wengine nimewatoa bondeni kwetu Mwera, nilipokuja mwezi wa Februari. Unakumbuka nilikuwa na debe lenye matundu. Kwa macho ni ndugu. Ukiwavunja, damu yao wote ni nyekundu kama yetu, jambo ambalo sikulipenda siku ya kwanza. Tukawawekea mbegu ya ugonjwa, mbegu ile ile moja, kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Mwera. Mbegu hii inaogelea, inamtafuta konokono, inamtoboa na kuingia. Iliwaingia wote. Ukiwa na subira unaweza kuiona ikiingia.

Baada ya siku chache Ernesti akawakata vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, akavitia rangi. Kwa konokono wa Usagara niliona hivi: mdudu yupo katikati, na chembe za mwili wa konokono zimemjia kutoka kila upande, zimejilaza kumzunguka, safu juu ya safu, zimebanana, kama watu waliozunguka kaburi. Kwenye kipande cha siku iliyofuata mdudu amesinyaa. Kwenye kile cha juma la pili kimebaki kivimbe kidogo tu, ndani hamna kitu. Konokono anaendelea kula mchicha wake.

Kwa konokono wa Mwera hakuna chembe hata moja iliyosogea. Mdudu amekaa ndani ya nyama, na nyama imetulia kandokando yake kana kwamba hakuna mtu aliyeingia. Akakua. Akazaa humo. Waliozaliwa wakazaa. Bwana Daktari anasema wadudu wa Mwera na konokono wa Mwera wameishi pamoja muda mrefu sana, na pengine mwili wa konokono haumjui tena kuwa ni mgeni. Anasema pengine. Hakuna ajuaye kwa hakika.

Habari ya chupa nitakuandikia.

Nisalimie shemeji na Mwanasiti.

Idarusi


Mwera, Pangani
27 Juni 1955

Kwa mdogo wangu Idarusi,

Salaam. Sijapata bado jibu la barua yangu ya mwezi uliopita, lakini naandika kwa sababu kuna habari ya haraka.

Juzi Bi Mwamvua alikuja asubuhi, amefurahi, anapiga vigelegele tangu njiani. Alimkuta Mwanasiti kisimani, akaona kanga yake ina doa. Anasema nyumba yetu ina baraka, mabinti wa nyumba hii wanavunja ungo mapema. Ameshawaambia majirani. Ameshanipangia siku: tutamweka ndani baada ya Idi ya kuchinja, na shughuli ya kumtoa itakuwa kabla ya kuvuna. Wewe ndiye mjomba. Utakuja kumvisha kanga kama ulivyomvisha dada yake.

Ana miaka kumi, Idarusi.

Uweso amefurahi. Mimi nimesema alhamdulillahi.

Mwanamkasi


Makorora, Tanga
4 Julai 1955

Dada yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Leo nitaanza na maneno yenyewe, salaam zitafuata.

Usimweke ndani. Usimruhusu Bi Mwamvua apike hata kisahani kimoja. Mwulize Mwanasiti, wewe mwenyewe, mko wawili tu: damu inakuja na mkojo, au inakuja yenyewe? Na inakuja mwishoni, na inauma? Kama inakuja na mkojo, basi huyo si mwali. Ni mgonjwa, na jina la ugonjwa wake unalijua.

Sasa nisome mpaka mwisho, kisha unichukie.

Chupa ninayo. Nilipofika Februari nikauona uso wa Mastura umevimba, nawe ukaniambia mkojo wake umekuwa kidogo na mweusi, nilijua. Nimekaa na Bwana Daktari miaka mitatu, nilijua. Nilimwambia Mastura nataka mkojo wake nikautafutie dawa, naye akanipa chupa ya marashi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nikayamwaga marashi kizingitini. Hao ndio malaika wako, dada. Ni mimi.

Nilimwambia ni kwa ajili ya dawa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kwamba wakati wa dawa umepita, figo zimeziba. Bwana Daktari alikuwa ameniomba mwaka mzima nimletee mbegu kutoka Mwera, ya kuwawekea konokono wa Mwera. Nilipokuwa naifunga leso kwenye shingo ya chupa, nilikuwa na mawazo mawili, na sikuyatenganisha. Mastura akaniambia, "Mjomba, usiimwage njiani." Tangu hapo nasikia maneno hayo kila ninapobeba kitu chenye maji.

Katika daftari kila glasi lazima iwe na jina au namba ya ilikotoka. Mkono wangu ukaandika jina lake. Wenzangu wakalizoea. Sasa kila adhuhuri Bwana Daktari anauliza toka mlangoni, "Mastura leo vipi? Ametoka?" Na Ernesti anajibu, "Ametoka, Bwana." Ile glasi niliyokuambia siipendi ni mojawapo ya zake.

Walitoka kwa mara ya kwanza Ijumaa ya arobaini. Ndiyo sababu sikuja. Nilisimama dirishani nikiwatazama mpaka sala ikanipita.

Na liko jingine, la zamani zaidi. Mwaka wa 1953 nilikuja kwenye shughuli yake. Nilikula pilau, nikamvisha kanga, nikakusikia wewe na wanawake mkinong'ona kwamba damu yake haina mpango, inakuja kila siku mbili tatu. Nilikuwa nimeshaanza kazi hii. Nilijua damu ya namna hiyo ni ya nini. Lakini mwanamume hawezi kuuliza jambo kama hilo, hata akiwa mjomba, na watu walikuwa wanacheza. Nikaomba nyama nyingine.

Konokono wake wamebaki wanane. Bwana Daktari anataka wadudu wao wahamishiwe kwenye panya wa kufugwa, ili ukoo wao usikatike. Amesema neno hilo hilo, ukoo. Ameniuliza lini tutaanza. Sijamjibu.

Mlete Mwanasiti. Ziko sindano. Ni kali, hupigwa mshipani kwa majuma manne, zinatapisha, na moyo lazima uangaliwe kila siku. Yeye bado mapema. Nimekwisha kumwomba Bwana Daktari barua ya hospitali.

Nisalimie shemeji.

Idarusi


Makorora, Tanga
1 Agosti 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Idi njema. Sijapata jibu. Nimeuliza kwa watu wa mabasi, wanasema njia ni kavu na barua za Pangani zinafika.

Wamebaki watano.

Idarusi


Mwera, Pangani
9 Agosti 1955

Kwa Idarusi,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu ya mwezi uliopita. Niliisoma nikaiweka ndani ya kanzu ya Mastura, ile niliyoikata kwa makosa. Sikumwonyesha Uweso. Siku tatu sikuweza kukanyaga kizingiti cha uani. Nilizunguka kwa mlango wa mbele, Mwanasiti akaniuliza kama kuna nyoka.

Nilitaka nikuandikie maneno mabaya. Niliyapanga vizuri. Kisha nikaona kwamba nikiyaandika nitalazimika kuandika na yangu, ndiyo maana nikanyamaza mwezi mzima.

Nilijua, Idarusi. Si jina la ugonjwa, hilo sikulijua. Lakini baada ya mwezi mmoja wa kumweka ndani nilijua kwamba ile siyo damu ya mwanamke. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua vitambaa. Ilikuwa na harufu ya mkojo. Nilimwambia Bi Mwamvua, akasema huyu bado mbichi, itajipanga yenyewe. Nikamwuliza na kama haikujipanga? Akanitazama, akasema, "Mwanamkasi, mchele umekwisha kupetwa. Sasa unataka tuwaambie watu mwali amerudi kuwa mtoto?"

Sikuweza. Aibu ya kumrudisha mwali nilidhani ni kubwa kuliko kitu chochote kinachoweza kutokea. Nikamwambia Mastura kila mwanamke anaumwa hivyo, avumilie. Akavumilia miaka miwili. Alikuwa akiuma ncha ya ukili wa kusukia mkeka anapokwenda chooni, nisimsikie. Baada ya mazishi nilizikuta kili zile chini ya godoro, kumi na saba, zote zina alama za meno.

Umeniandikia kuhusu konokono wetu wa Mwera, ambao mgeni akiingia mwili wao hausogei. Nimeisoma sehemu hiyo mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Mimi sikukaa kimya tu kama wao. Mimi nilimpigia ngoma. Nilimpikia pilau.

Nilimwuliza Mwanasiti tukiwa wawili. Ni kama ulivyosema.

Bi Mwamvua alikuja jana na wanawake sita kuanza kusuka mkeka wa mwali. Nimewaacha wasuke. Sikuwaambia kitu, ulimi haukunyanyuka. Kesho kutwa nitamwambia Uweso kwamba unaumwa na nakuja kukuuguza, nami nitamchukua Mwanasiti anisaidie. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa Mwera huko mjini, kohoa.

Usiwahamishe kwenye panya kabla sijafika.

Mwanamkasi


Mwera, Pangani
3 Oktoba 1955

Kwa mdogo wangu Idarusi,

Salaam nyingi kwako na kwa Bi Mwatumu, na umwambie soksi zilinifaa kwenye basi. Tumefika salama. Mwanasiti hatapiki tena tangu Jumanne. Amekonda mpaka shingo yake imekuwa kama ya Mastura, nikimwona kwa nyuma namdhania dada yake, kisha anageuka, ni yeye. Mkojo wake nautazama kila asubuhi katika bilauri kama ulivyonionyesha, nikiuinua kwenye mwanga. Ni mweupe. Uweso aliniona nikifanya hivyo akaogopa, akadhani nimechanganyikiwa. Nikamketisha nikamweleza yote, tangu mwanzo, ya Mastura na ya Mwanasiti. Alitoka akaenda kukaa bondeni, karibu na kisima, mpaka alasiri. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu, kama yeye pia alikuwa nao alipokuwa mdogo. Nikamwambia wote tulikuwa nao. Akauliza kwa nini basi sisi hatukufa. Nikamwambia hata Bwana Daktari hajui.

Sasa nataka niseme kuhusu siku ile dirishani, maana tulipoondoka hatukuisema.

Ulinipeleka kwa sababu nilikuomba. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Niliona glasi ndogo, konokono mmoja wa mwisho, na karatasi iliyobandikwa yenye jina la mwanangu kwa mwandiko wako, ule ule niliokufundisha, wenye herufi ya M inayolala. Mwadhini akaanza. Nikaona maji yakianza kuwa na kitu. Walikuwa wachache, pengine ishirini. Walikuwa wanapanda, wanazama kidogo, wanapanda tena, wakitafuta.

Ulinishika kifundo cha mkono. Ukasema, "Dada, kidole chako." Nikasema nilitaka kuigeuza glasi nisome upande wa pili. Wewe ukakubali, kwa sababu wewe ni mpole, au kwa sababu uliogopa.

Haikuwa kweli. Nilijua kidole changu kinakwenda wapi. Nilikuwa nimekumbuka kwamba wana siku moja tu, na kwamba kila siku tangu arobaini walikuwa wanatoka adhuhuri kuitafuta ngozi na hawaipati, na wanakufa, na mimi nilikuwa nyumbani nakunja kanzu. Nikafikiri, ngozi ninayo. Wametoka kwake. Waingie kwangu. Mwili wangu utawajua.

Si wewe uliyenirudisha, nisamehe. Ulinishika, lakini nilikuwa bado nasukuma. Ni Mwanasiti, nyuma yetu kwenye benchi, na bandeji yake mkononi, aliyesema, "Mama, mbona unamnyima konokono jua?" Nikageuka nikaona kivuli changu kimeifunika glasi yote. Nikasogea.

Kisha akaingia Bwana Daktari, akauliza kama kawaida yake, "Mastura leo vipi?" Ukamwambia mimi ni nani. Alidhani Mastura ni jina la kijiji. Miezi yote ile alidhani ni kijiji, karibu na Mwera. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sikumchukia. Nilimwambia, nawe ukatafsiri, kwamba kama anataka kuendelea nao aendelee, ikiwa kuna siku watamfundisha kitu cha kumfaa mtoto wa mtu. Lakini aandike namba, jina nalichukua. Nikaibandua ile karatasi kwa ukucha. Ilitoka nzima. Mmoja wa wadudu wale, nadhani, alikuwa amekwisha kufa, ametulia chini kwenye kioo.

Barua uliyoandika nilipokuwa njiani imeniambia kwamba konokono yule alikufa siku ya pili yake, kabla hamjawahi kufanya lolote, na kwamba Bwana Daktari hakukulaumu. Sikuuliza zaidi. Wewe pia usiniambie zaidi.

Chupa nimeiweka rafuni. Ulisema umeichemsha mara tatu. Mwanasiti aliitia marashi mapya, na tulipofika nilimwacha anyunyize kidogo kizingitini, nikapita.

Bi Mwamvua alikuja siku ya tatu na wanawake wake, mkeka umekwisha, mzuri sana, wameutia herufi za jina la Mwanasiti kwa ukili mwekundu. Wakaketi. Nikawapa kahawa. Nikaona ulimi unataka kulala tena kama mwezi wa nane, nikasimama ili usipate nafasi. Nikawaambia, "Mwanangu si mwali. Ni mgonjwa anayepona. Na Mastura pia hakuwa mwali. Nilijua, nikanyamaza."

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alichukua kahawa yake akaondoka. Bi Mwamvua alikaa muda mrefu akipapasa ukingo wa mkeka. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, damu ikija na mkojo, inauma mwishoni? Nikamwambia ndiyo. Akasema mjukuu wake, yule wa mkono wa kushoto. Kisha mwingine akasema wa kwake. Kwa hiyo, Idarusi, mwambie Bwana Daktari aandike barua nyingine za hospitali. Ni nne, pengine tano.

Tumeacha kuingia bondeni adhuhuri. Tunaingia alfajiri, tunatoka jua likianza kupanda, kama ulivyotushauri, na watu wa mashambani wanatucheka kwamba siku hizi Uweso na mkewe wanafanya saa za ofisi. Adhuhuri nakaa kizingitini. Maji ya bonde yametulia, yanang'aa, hakuna hata kiputo, na kunguru wanakunywa pembeni. Mtu mwingine angesema hamna kitu. Mimi nasikia mwadhini anaanza na najua sasa wanatoka, wote, bonde zima.

Ile karatasi nimeiweka ndani ya kanzu. Wewe huko, glasi zikiwa dirishani na saa hiyo ikifika, usilitaje jina lake kazini. Litaje moyoni tu. Na baada yake, nami unikumbuke.

Dada yako,
Mwanamkasi